Chini ya Bakuli Si Sifuri

Kuna watu ambao kazi yao ni kuweka vipande viwili vya metali karibu karibu, bila kugusana, halafu kupima vinavutana kiasi gani. Nguvu wanayoitafuta ni ndogo sana. Punje moja ya sukari iliyolala mezani inaisukuma meza kwa nguvu inayoizidi hiyo mara maelfu. Lakini ukiwasikiliza wakiongea kuhusu kazi yao, muda mwingi hawaongei kuhusu nguvu wanayoitafuta. Wanaongea kuhusu nyingine ambayo hakuna aliyeialika: umemetuli, ule ule unaokurushia cheche ukivua sweta gizani.

Mimi si mmoja wao. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, na hiyo ni njia ya heshima ya kusema sina mshahara. Wiki hii naandika maelezo ya magodoro, wiki ijayo nasikiliza rekodi za watu wa ng'ambo na kuzigeuza kuwa maandishi, nalipwa kwa dakika. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa fizikia katika chuo kikuu kimoja cha umma. Nilifika mwaka wa tatu, karo ikanishinda. Sina hadithi ndefu hapo. Baba alifariki, mama akabaki na kibanda cha sufuria sokoni Nakuru, na kila tulipopiga hesabu tulikosa palepale.

Mwaka huu nikapata kazi ya rekodi za saa 11. Mihadhara, mmoja baada ya mwingine, kuhusu jinsi ya kupima nguvu za umemetuli kati ya nyuso za metali iliyopakwa na nyuso za oksidi. Mteja alitaka mtu ambaye akisikia neno la fizikia hataandika kitu kingine. Nikasema mimi ndiye. Nilikuwa nimesota na kodi ya nyumba ilikuwa imepita tarehe.

Wiki hiyo hiyo ndugu yangu mdogo akapata nafasi yake ya chuo. Fizikia. Hakuchaguliwa kwa bahati mbaya, aliiweka ya kwanza mwenyewe. Mama akanipigia simu jioni, nikasikia kwanza kelele za soko likifungwa, halafu yeye.

"Baba, ongea na ndugu yako. Wewe ndiye atakusikia. Abadilishe kozi kabla dirisha halijafungwa. Hiyo fizikia tulishaiona."

Tulishaiona. Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitaongea naye, nikakata simu, nikavaa spika za masikioni, nikarudi kwa dakika zangu.

*

Siku mbili baadaye mama alitaka kujua ni nini hasa ninachosikiliza usiku kucha. Shida ya kwanza ilikuwa lugha. Fizikia yangu yote niliipata kwa Kiingereza, na mimi na mama tunaongea Kiswahili cha Nakuru. Ukitaka kujua kama kitu umekielewa ama umekikariri tu, mweleze mamako kwa lugha mnayogombania nayo chumvi. Basi nikaanza na sufuria.

Sufuria zake ni za alumini. Ukiisugua sufuria kwa waya inang'aa, na unadhani sasa unaona alumini yenyewe. Huioni. Alumini ikikutana na hewa inajivika oksidi papo hapo, hata kabla hujaweka waya chini. Ni ngozi ya nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ngozi hiyo ndiyo inayoizuia hewa isiendelee kuila sufuria, tofauti na chuma kinacholiwa na kutu hadi kikaisha. Kwa hivyo tangu aanze biashara mama hajawahi kugusa alumini. Amegusa oksidi.

Akacheka. "Kumbe miaka hii yote nauza ngozi."

Nikaendelea. Kila metali inashikilia elektroni zake kwa mkono wake. Kuing'oa elektroni moja kwenye dhahabu kunataka nishati ya kama elektroni-volti 5. Kwenye alumini safi ni 4 na kitu. Dhahabu ni mkono mgumu, alumini mkono mwepesi. Sasa unganisha hizo metali mbili kwa waya. Elektroni zinahama kutoka alumini kwenda dhahabu hadi pande zote zitosheke. Zikimaliza, alumini imebaki na chaji chanya, dhahabu imebeba hasi, na katika pengo lililo kati yao kuna kama volti 1. Hakuna betri. Hakuna soketi. Hakuna aliyesugua chochote. Zimeunganishwa tu.

Na hapa ndipo penye ujanja. Chukua mita ya fundi wa stima uipime hiyo volti. Itasoma sifuri. Haijaharibika. Mita inapima msukumo wa elektroni ndani ya nyaya, na huko ndani kila kitu kimeshasawazishwa. Kinachobaki kiko nje, kwenye nyuso, mahali ambapo waya wa mita haufiki. Yaani chombo kinakuambia mambo yako sawa, na vipande viwili vinaendelea kuvutana.

"Kama ndugu wa mashamba," mama akasema. "Wamekubaliana mbele ya chifu."

Sikuwahi kuandika sentensi nzuri kama hiyo kwenye mtihani wowote.

*

Mtaliano Alessandro Volta aliliona jambo hili mwishoni mwa karne ya 18, lakini kuliona na kulipima ni vitu viwili. Mwaka 1898 Lord Kelvin, mzee tayari, alichapisha njia yake. Weka mabamba mawili ya metali tofauti yakitazamana, yameunganishwa kwa waya. Sogeza moja. Pengo likibadilika, chaji inalazimika kuhama kupitia waya, na kuhama huko kunaonekana. Sasa weka volti yako mwenyewe kinyume, ongeza kidogo kidogo, hadi usogeze bamba na pasihame kitu. Volti uliyoweka ni sawa kabisa na ile iliyokuwa imejificha. Mwaka 1932 Zisman akaboresha kwa kulifanya bamba litetemeke lenyewe badala ya kusogezwa kwa mkono.

Napenda wazo hilo. Kitu ambacho huwezi kukiona unakipima kwa kukipinga. Unasukuma upande wako hadi mambo yatulie, halafu unasoma umesukuma kiasi gani.

Kifaa cha siku hizi ni hadubini ya nguvu za atomu, iliyobuniwa na Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber mwaka 1986. Usiwaze lenzi. Waza kijiti chembamba sana cha silikoni kilichoshikwa upande mmoja, kama ule ubao wa kurukia majini kwenye bwawa la kuogelea. Kwenye ncha iliyo huru umebandika tufe dogo lililopakwa dhahabu. Unalisogeza karibu na bamba. Likivutwa, kijiti kinapinda. Leza inayopigwa mgongoni mwa kijiti inarudi na kutua mahali tofauti kidogo, na hapo unajua kimepinda kiasi gani. Ni mizani tu. Mwaka 1991 watafiti wa IBM walichukua hadubini hii wakaiunganisha na wazo la Kelvin, na tangu hapo mtu anaweza kuchora ramani ya volti za uso, mahali kwa mahali, kwa vipimo vya nanomita.

Sasa weka volti kati ya tufe na bamba. Nguvu ya umemetuli inafuata volti ikizidishwa kwa yenyewe. Ukiongeza volti mara 2, nguvu inakuwa mara 4. Tena haijali upande: chanya inavuta, hasi nayo inavuta. Ukianza na volti hasi ukapitia sifuri hadi chanya, na ukachora nguvu kwenye karatasi, unapata umbo la bakuli.

Mtu yeyote angetarajia chini ya bakuli pawe sifuri, pale ulipozima kila kitu. Sivyo. Chini ya bakuli pako kando. Hapo ndipo volti yako inapoifuta ile ambayo nyuso zilikuja nayo zenyewe. Na hata hapo chini, bakuli halijagusa meza. Kuna nguvu bado.

Mhadhiri kwenye rekodi alilirudia jambo hili mara tatu, kila mara taratibu zaidi, kama mtu anayemwelekeza mgeni stendi. Usiseme umezima volti, kwa hivyo hakuna nguvu. Nenda utafute chini ya bakuli, na ukifika, uliza ni nini kimebaki.

*

Kinachobaki ndicho kilichowatoa watu hao nyumbani. Mwaka 1948 Mholanzi Hendrik Casimir, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Philips kule Eindhoven, alikokotoa kwamba mabamba mawili ya metali yasiyo na chaji, yakiwa kwenye ombwe, mahali pasipo hata hewa, yanapaswa kuvutana. Sababu ni kwamba ombwe halijatulia. Hata pasipo na kitu kuna mitikisiko ya umeme na sumaku, na mabamba yakikaribiana yanapunguza aina za mitikisiko inayoweza kukaa katikati yao. Nje kunabaki na nyingi kuliko ndani, na mabamba yanasogezwa pamoja.

Usiku mmoja nikasimamisha rekodi nikachukua karatasi. Nikasema, acha tufe liwe na nusu kipenyo cha mikromita 100, kama unene wa karatasi niliyokuwa naandikia. Pengo liwe nanomita 100. Kwa fomula ya metali kamilifu, nguvu ya Casimir inatoka kama nanonyutoni 0.27. Halafu nikafanya hesabu ya umemetuli kwa tufe hilo hilo na pengo hilo hilo, nikiweka volti 0.1 tu. Betri moja ndogo ya rimoti ina 1.5. Jibu: nanonyutoni 0.28.

Nikarudia nikidhani nimepoteza sifuri mahali. Sikuwa nimepoteza. Sehemu ya kumi ya volti, ambayo hata hukuiweka wewe, inatosha kabisa kujifanya kuwa kile ulichokuja kutafuta. Unaweza kutoka hapo ukitangaza umepima ombwe, kumbe umepima uchafu.

Ilikuwa saa nane za usiku. Sikuwa nimekokotoa kitu kwa zaidi ya miaka miwili, na mkono ulikumbuka njia. Sitasema nililia, maana sikulia. Nilikaa tu hapo nikiangalia karatasi, na mtaani mbwa walikuwa wanabweka, na kwa muda kidogo sikuwa nafikiria kodi.

Ukishaijua hesabu hiyo, historia yenyewe inaeleweka. Mholanzi mwingine, Marcus Sparnaay, alijaribu kuipima nguvu hii mwaka 1958. Aliyagusanisha mabamba yake kwanza ili kuyasawazisha. Matokeo hayakupingana na Casimir, lakini shaka ya kipimo chake ilikuwa kama asilimia 100, yaani kubwa sawa na jibu lenyewe. Ikapita karibu miaka 40. Mwaka 1997, kule Seattle, Steve Lamoreaux alitumia lenzi na bamba vilivyopakwa dhahabu, vikining'inia kwenye mizani ya uzi unaojisokota, ndugu wa mizani ambayo Mfaransa Coulomb aliitumia mwaka 1785 kupima nguvu za chaji. Mwaka 1998 Umar Mohideen na Anushree Roy kule California wakatumia hadubini ya nguvu za atomu na tufe la plastiki lenye upana wa kama mikromita 200. Walilipaka alumini kwa sababu inaakisi vizuri. Halafu juu ya alumini wakaongeza tabaka jembamba sana la dhahabu na paladiamu.

Unajua kwa nini? Ngozi ya sufuria. Alumini ikiachwa wazi ingejivika oksidi, na oksidi ingekusanya chaji. Nilimsimulia mama sehemu hiyo. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na hao walilipwa?"

*

Oksidi ina tabia yake. Metali, elektroni zinatembea: ukiweka chaji mahali pamoja inasambaa, ukiunganisha waya inaondoka. Oksidi nyingi hazipitishi umeme. Chaji ikitua hapo inakaa, saa nyingi, pengine siku nyingi. Huwezi kuunganisha waya ukaiondoa kwa sababu haisikii waya. Ukigusanisha dhahabu na glasi halafu ukavitenganisha, glasi inaweza kuondoka na chaji ambayo haikuwa nayo. Yaani kuangalia kama kitu ni safi kunakifanya kisiwe safi. Siku ya unyevu hewani, utando mwembamba wa maji unashika uso wa oksidi na kuipa chaji njia ya kutorokea. Siku kavu, inang'ang'ana. Ndiyo maana sweta linapiga cheche miezi ya kiangazi, na ndiyo maana wapimaji wanaandika unyevu wa chumba kwenye daftari pamoja na matokeo.

Metali nayo usidhani ni malaika. Dhahabu iliyopakwa si shuka moja. Ni chembe nyingi za fuwele, kila moja imegeuza uso wake upande wake, na kila uso unashikilia elektroni kwa mkono tofauti kidogo. Ongeza mvuke, mafuta yasiyoonekana, na chochote kilichokuwa hewani siku ile. Mwishowe uso unaoonekana laini kama kioo ni kitambaa cha viraka, kila kiraka na volti yake. Na hapo njia ya Kelvin inafika ukingoni. Volti moja uliyoiweka inaweza kufuta kiraka kimoja, ama wastani wa vyote. Haiwezi kuvifuta vyote kwa pamoja. Hiyo ni sehemu ya kile kinachobaki chini ya bakuli. Wapimaji wameona hata chini ya bakuli penyewe pakihama kadiri wanavyosogeza tufe karibu, kwa sababu ukiwa mbali unaona wastani, na ukikaribia unaanza kuona kiraka.

Kesi iliyonishika zaidi kwenye rekodi zote ilitokea angani. Tarehe 20 Aprili 2004 Marekani ilirusha setilaiti iitwayo Gravity Probe B. Mradi ulikuwa umepangwa tangu miaka ya 1960 katika Chuo Kikuu cha Stanford. Ndani yake kulikuwa na matufe 4 ya kwatsi, ambayo ni oksidi ya silikoni, ndugu wa mchanga mweupe na glasi ya dirisha. Kila moja lilikuwa saizi ya mpira wa tenisi ya mezani, limepakwa tabaka jembamba la metali ya niobiamu. Yalikuwa kati ya vitu vya duara kamili zaidi ambavyo binadamu amewahi kutengeneza. Kazi yao ilikuwa kuzunguka kwenye ombwe baridi, bila kugusa chochote, huku watu wakitazama kama mhimili wao unasogea. Einstein alikuwa amesema utasogea, kidogo sana, kwa sababu Dunia inapinda nafasi na kuiburuta ikizunguka.

Mhimili ukasogea. Lakini ulisogea pia kwa njia ambayo Einstein hakuisema. Kulikuwa na viraka vya umeme kwenye upako wa niobiamu na kwenye ukuta uliolizunguka tufe, na viraka vya pande zote mbili vilikuwa vinavutana na kulisokota. Kuchukua vipimo kuliisha mwaka 2005. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2011. Hiyo miaka katikati ilikwenda kwenye kuelewa viraka: kuandika hesabu ya jinsi vinavyosokota tufe, kuitoa kwenye vipimo, kuangalia, kurudia.

Jibu lilikuwaje? Kwa ule mburuto wa nafasi, nadharia ilitabiri kama sehemu 39 za elfu za sekunde ya pembe kwa mwaka. Wao wakapata 37.2, wakaandika pembeni shaka ya 7.2 juu au chini. Walikuwa wametarajia shaka ya kama asilimia 1. Walipata karibu asilimia 19. Wangeweza kuona aibu. Wakaiandika hivyo hivyo, mbele ya dunia nzima, na ukiisoma unajua nini kinajulikana na nini hakijulikani. Niliisikiliza sehemu hiyo mara nne, na mteja halipi dakika zilizorudiwa.

*

"Italeta nini?" Hilo ndilo swali la mama, na ni swali la haki. Mtu anayeamka saa kumi na moja kupanga sufuria ana haki ya kuuliza kitu kinaleta nini.

Nina jibu moja rahisi, ambalo ni maji. Mwaka 1991 watafiti wa Australia, William Ducker, Tim Senden na Richard Pashley, walibandika tufe la oksidi ya silikoni kwenye kile kijiti, wakalizamisha kwenye maji, wakapima nguvu moja kwa moja. Ndani ya maji uso wa oksidi ya silikoni unabeba chaji hasi, kwa hivyo nyuso mbili za aina hiyo zinasukumana. Oksidi ya alumini kwenye maji ya kawaida inabeba chanya, kwa hivyo hiyo na ile zinavutana. Ukiongeza chumvi, chaji zinafunikwa na msukumo haufiki mbali. Kwenye maji yenye chumvi kidogo sana unaweza kufika nanomita 10. Kwenye maji ya bahari haufiki hata 1.

Sasa chukua maji ya mto baada ya mvua, yale ya rangi ya chai ya maziwa. Hayatulii, hata ukiyaweka usiku kucha, kwa sababu chembe za udongo zina chaji hasi na zinasukumana, hakuna inayokubali kushikana na nyingine ili izame. Weka shabu, ambayo ni chumvi ya alumini. Chaji zinafutwa, chembe zinashikana, zinazama. Mitambo ya maji ya miji inafanya hivyo kila siku. Watu walijua kutumia shabu zamani sana bila hadubini. Lakini hadubini ndiyo inayokuambia kwa nini kipimo cha jana hakifanyi kazi leo mto ukibadilika.

Mama alikubali maji. "Hiyo ya maji ni sawa," akasema, kwa sauti ya mtu anayenunua kitu kimoja na kuacha kingine mezani.

Jibu la pili ni gumu zaidi na sikumpa yeye. Nilimpa ndugu yangu, nilipompigia Jumapili. Alidhani nimetumwa. Ukweli nilikuwa nimetumwa.

"Brathe, mathe amekutuma?"

"Amenituma. Lakini nisikilize kwanza."

Nikamweleza kitu kimoja kutoka mhadhara wa tisa. Tufe likiwa karibu na bamba, hujui liko mbali kiasi gani hasa. Huwezi kuingiza rula kwenye nanomita 100. Hujui hata kijiti chako ni kigumu kiasi gani. Sasa wanafanyaje? Wanatumia umemetuli. Wanaweka volti wanayoijua, nguvu ya umemetuli inatabirika kwa fomula, na kutoka kwa upana wa lile bakuli wanasoma umbali na ugumu wa kijiti. Ile nguvu ambayo hakuna aliyeialika, ambayo wanakesha wakiipambania itoke, ndiyo rula yao. Ukiwapa nyuso zisizoweza kubeba umeme kabisa, watapotea. Hawatajua wako wapi.

Akanyamaza. Halafu akauliza kitu ambacho sikutarajia. "Sasa kama inatabirika, kwa nini viraka vinasumbua? Si navyo ni umemetuli?"

Nikamwambia fomula inajua tufe zima lenye volti moja. Haijui kila kiraka kiko wapi na kina ukubwa gani. Akasema, "Basi si wachore ramani kwanza, na ile ya IBM?" Nikamwambia ndivyo wengine wanavyofanya, wanapima ramani kwanza na kuitumia kukadiria kilichobaki. Tukaongea saa nzima. Bando langu likaisha tukiwa bado kwenye mvuke wa maji.

Sikumwambia asibadilishe. Nilimpa namba, maana namba ndizo ambazo mimi sikupewa. Nilimwambia mkopo unaweza kufika wapi na unaishia wapi. Nilimwambia kiasi ninachoweza kutuma kila mwezi kukiwa na kazi, na kiasi kukiwa hakuna, ambacho ni kidogo sana, na kwamba miezi ya aina ya pili mwaka jana ilikuwa 4. Nikamwambia shaka iko hapo, kubwa, na nimemwandikia pembeni. Aamue akiiona.

Hakubadilisha kozi. Dirisha lilifungwa Ijumaa. Mama hakunisemesha siku tatu, halafu akanitumia ujumbe akiuliza bei ya godoro la futi tatu kwa sita, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika maelezo ya magodoro na kijana lazima alale mahali.

Pesa za zile saa 11 zililipa kodi yangu na godoro. Kilichobaki nilikituma. Hakikuwa kingi, lakini hakikuwa sifuri.